Skwota ni nani? Asili ya neno, maana zake, na kwa nini mtu wa Kwale alichunguze kabla ya kulikubali

Mwezi uliopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka kijijini kwake, baina ya Msambweni na Ramisi. Walipotoka kuswali alfajiri walikuta karatasi imepigiliwa misumari kwenye mwembe ulio mbele ya msikiti. Ilikuwa Kizungu kitupu, ina muhuri wa wakili, na juu kabisa pana neno moja kwa herufi kubwa. Akanitajia herufi moja moja, taratibu, kama anayesoma nambari ya simu. Halafu akauliza: "Mpwa wangu, wewe una diploma. Hawa skwata ni watu gani? Ni kabila?"

Nikamjibu haraka, bila kufikiri: "Ni wavamizi, mjomba."

Simu ikanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimevamia wapi? Babu yako amezikwa hapa nyuma ya jiko. Hii minazi nimeikuta inazaa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimemtukana mzee wangu bila kukusudia, kwa sababu nilitafsiri neno nisilolijua vizuri. Tangu siku hiyo nimekaa nikilifuatilia neno hili: limezaliwa wapi, limepita nchi gani, na limefikaje kwenye mwembe wa msikiti wetu. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa sababu huku kwetu, kuanzia Waa na Tiwi mpaka Diani, Msambweni na Lunga Lunga, ni watu wachache ambao hawajawahi kuitwa skwota, wao au jamaa zao.

Mwanzo wake ni kuchuchumaa

Kwa Kizungu neno ni "squatter", na limetokana na "squat", yaani kuchuchumaa. Vijana wanaofanya mazoezi ufukweni Diani wanalijua: wanasema wanapiga skwoti. Choo chetu cha kawaida cha shimo nacho Waingereza hukiita kwa neno hilohilo, kwa namna mtu anavyokitumia.

Lakini ukirudi nyuma zaidi, maana inabadilika. Waingereza walilichukua neno hili katika Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa na maana ya kubana, kulaza chini au kuponda. Na Wafaransa walilipata katika Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kusukuma pamoja na kulazimisha. Maana ya kuchuchumaa ilifuata baadaye: aliyebanwa hujikunja, na aliyejikunja ndiye aliyechuchumaa.

Kwa hiyo ndani ya neno hili mna picha mbili. Moja ni ya mtu aliyechuchumaa mahali kwa muda, hakukaa kitako, yuko tayari kuinuka na kwenda zake. Nyingine, ya zamani zaidi, ni ya mtu aliyekandamizwa. Picha ya kwanza ndiyo anayoiona wakili aandikapo barua. Ya pili ndiyo anayoiishi mjomba wangu.

Marekani: mkosaji akawa mwenye haki

Neno hili kumhusu mtu anayekaa kwenye ardhi asiyo na hati yake lilionekana kwanza Marekani, mwishoni mwa karne ya 18. Miongoni mwa walioliandika mapema ni James Madison, ambaye baadaye alikuwa rais. Mwaka 1788 alilitumia katika barua kuwataja watu wa eneo la Maine waliokuwa wakikaa kwenye ardhi za wengine. Hakulitumia kwa kuwasifu.

Lakini tazama kilichofuata. Watu hao walizidi kuwa wengi, wakawa wapiga kura, na siasa ikawageukia. Mwaka 1841 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa mtu aliyekwisha kujenga na kulima kwenye ardhi ya serikali haki ya kuwa wa kwanza kuinunua, mpaka ekari 160, kwa bei ya dola 1 na senti 25 kwa ekari. Mwaka 1862 ikaja sheria nyingine iliyowagawia watu ardhi karibu bure, sharti wakae na kuiendeleza kwa miaka 5. Yule aliyekuwa mkosaji katika barua ya 1788 akawa, kwa muda usiofika miaka mia, mkulima mwenye hati na mwenye kusifiwa kwa kujenga taifa.

Wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwepo kabla ya wote, hawakuingia katika hesabu hiyo.

Australia: skwota tajiri

Australia ndiko neno lilikopinduka kabisa. Katika miaka ya 1830, wafugaji wa kondoo walitoka nje ya mipaka ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeiweka, wakajichukulia mbuga kubwa kubwa. Serikali ilishindwa kuwazuia. Mwaka 1836 ikaamua kuwapa leseni kwa pauni 10 kwa mwaka, na mtu akachunga kadiri alivyoweza. Baada ya miaka michache hao ndio waliokuwa matajiri wa nchi, wenye majumba, viti vya bunge na majaji wa kula nao. Huko ukisema "squatter" watu humfikiria bwana mkubwa aliyepanda farasi. Hata katika wimbo mashuhuri wa nchi ile, Waltzing Matilda, ambao maneno yake yaliandikwa mwaka 1895, skwota ndiye tajiri mwenye kondoo, na anakuja na polisi kumkamata maskini mpita njia.

Na wenyeji wa asili wa Australia? Nao vilevile hawakuhesabiwa.

Uingereza kwenyewe, baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1946, askari waliorudi nyumbani na kukosa pa kulala waliingia na familia zao katika kambi za jeshi zilizoachwa wazi. Nao wakaitwa kwa jina hili, na wananchi wengi waliwaonea huruma. Tangu Septemba 2012, kuingia na kukaa katika nyumba ya kuishi ya mtu huko Uingereza bila idhini ni kosa la jinai.

Neno moja, basi, limewabeba mkulima maskini, tajiri wa kondoo na askari asiye na nyumba. Kila mahali limekuwa na maana ileile kwa juu: huyu hana karatasi. Lakini kama ni mtu wa kuhurumiwa, kuogopwa au kufukuzwa, hilo liliamuliwa na nguvu aliyokuwa nayo huyo anayeitwa hivyo.

Lilivyoingia Kenya

Kenya neno lilikuja na walowezi, na kabla yao lilikuwa likitumika Afrika Kusini kumtaja Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mzungu. Huku kwetu likaingia katika sheria. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyosema Mwafrika anayekaa katika shamba la mlowezi ni lazima amfanyie kazi mwenye shamba kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ndipo alipopata ruhusa ya kujenga kibanda, kulima kipande na kuchunga mifugo yake. Mwaka 1937 ikaja sheria kali zaidi, ya kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo. Manung'uniko ya maskwota wa Bonde la Ufa yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto wa Mau Mau. Mwanahistoria Tabitha Kanogo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1987.

Angalia maana ilivyogeuka hapo. Marekani, skwota alikuwa mtu aliyeingia bila ruhusa. Bonde la Ufa, skwota alikuwa na ruhusa, tena imeandikwa na kutiwa alama ya kidole. Alichokosa ni ardhi yenyewe, na mara nyingine ardhi hiyo ilikuwa ya wazee wake kabla mlowezi hajapewa.

Pwani: karatasi ilipita, watu wakabaki

Sasa tuje kwetu. Hapa Pwani jambo lina sura yake, na ndiyo sababu jibu langu kwa mjomba lilikuwa kosa.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar ikausimamia ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Katika ukanda huo palikuwa na watu wa kila namna: Waswahili, Waarabu, Wahindi, na Wamijikenda, ambao kwa upande wetu wa Kusini wengi wao ni Wadigo. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huu alitakiwa ajitokeze mbele ya afisa wa serikali, atoe ushahidi, na akikubaliwa apewe cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme.

Sheria hiyo ilimjua mtu mmoja mwenye jina moja na mpaka mmoja. Wazee wetu waliishi kwa ukoo. Ardhi ilikuwa ya mbari, mtu akipewa sehemu ya kulima kwa jamaa zake, na mipaka yao ilikuwa mito, miti na makaburi. Waliozijua ofisi na maandishi walikwenda kudai. Wengi wa Wamijikenda hawakudai. Hawakuhama, hawakuuza, hawakufukuzwa siku hiyo. Walilala wakiwa wenyeji, wakaamka wakiwa juu ya ardhi ya serikali au ya mtu mwingine. Kwingineko Kenya mambo hayakuwa bora: sheria ya 1915, na hukumu ya mahakama iliyoifuata mwaka 1921, ziliwafanya Waafrika kuwa wapangaji tu wa Mfalme, ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote.

Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua za makubaliano juu ya ukanda huu. Tunazikumbuka barua hizo kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Lakini zilikuwa na jambo jingine: hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Aliyekuwa na cheti akalindwa. Asiyekuwa nacho hakutajwa.

Baada ya hapo zikafuata hoteli za Diani, viwanja vya ufukweni, na mashamba makubwa ya kukodishwa. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wa vijiji vilivyozunguka walirudi kulima mahindi na mihogo katika ardhi ambayo wazee wao waliisimulia kuwa yao. Mwaka 2007 maelfu ya ekari yakakodishwa upya kwa ajili ya miwa, na neno skwota likasikika tena katika kila baraza.

Kwa hiyo skwota wa Pwani, katika kesi nyingi, si mtu aliyekwenda kwenye ardhi ya mwenye hati. Ni hati iliyokwenda kwenye ardhi yake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 yenyewe inakubali kuwa ukanda wa maili 10 una tatizo la kihistoria linalotaka suluhisho lake mbali.

Watu wanne chini ya jina moja

Tatizo la neno hili ni kuwa linawafunika watu wasiofanana. Mimi nimewahesabu wanne, na nadhani msomaji ataweza kuwataja kwa majina katika kijiji chake.

Wa kwanza ni mwenyeji, mfano wa mjomba wangu, aliyezaliwa pale, na makaburi ya wazee wake yako pale, ila hati imeandikwa jina la mtu wa mbali.

Wa pili ni mgeni aliyekaribishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe na pa kulima, akakaa. Ruhusa yake ni ya mdomo, na aliyempa pengine ameshafariki.

Wa tatu ni mwenye nyumba bila ardhi. Mombasa wako wengi, na huku Ukunda wapo. Amejenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwenzake, na hulipa ijara kila mwezi au kila mwaka. Huyu ni mpangaji wa ardhi, ana risiti zake, na kumwita skwota ni kumdhulumu.

Wa nne ni mvamizi kweli: aliyesikia kuna kiwanja hakina mtu, akaja usiku na mabati yake, na pengine keshokutwa atakiuza na kuhamia kingine. Wapo, tusijifiche. Wengine hutumwa na wakubwa. Na hawa ndio wanaowaharibia jina wale wa kwanza.

Barua iliyopigiliwa kwenye mwembe haikutofautisha. Wote walikuwa neno moja lenye herufi kubwa.

Maneno tuliyokuwa nayo sisi

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikuwa na upungufu. Tulikuwa na maneno ya kutosha kwa kila mmoja wao.

Tuna mwenyeji, ambaye ni mwenye mji. Neno lenyewe limebeba umiliki ndani yake. Tuna mkazi, ambaye anakaa tu. Tuna mgeni na mpangaji. Tuna mlowezi, kutokana na kulowea, yaani kufika mahali pa ugenini na kupafanya kwako moja kwa moja. Tuna mvamizi, na kwa lugha ya fikihi tuna ghasb, kuchukua mali ya mtu kwa nguvu. Mtume wetu (S.A.W.) alionya vikali juu ya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma. Fikihi pia inaitambua haki ya mtu aliyeihuisha ardhi iliyokuwa mfu, isiyo na mwenyewe, akailima ikawa hai.

Na tuna mila ya miti. Huku kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Mtu anaweza kurithi minazi mitano iliyo ndani ya shamba la mwingine, na haki yake ikajulikana na kila mtu. Mgeni aliyekaribishwa aliruhusiwa mahindi, kunde, mihogo. Lakini hakuruhusiwa kupanda mnazi, mwembe wala mkorosho, maana mti wa kudumu ni dai la kudumu. Ndiyo maana mjomba alinitajia minazi kabla ya jambo jingine. Mnazi wetu wa asili huchukua kama miaka 6 au 7 kuzaa, na huishi kupita umri wa aliyeupanda. Kwa mila, mnazi wa zamani ni shahidi aliyesimama. Mjomba alikuwa anatoa ushahidi, nami kwa ujinga wangu nikadhani analalamika.

Ukitaka mashahidi wakubwa zaidi, wapo. Kaya Kinondo, hapa hapa Diani, imo katika makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Msikiti wa Kongo, unapoishia mto Mwachema, umesimama kwa karne nyingi. Waliozika, walioswali na waliotambika pale hawakuwa wamechuchumaa.

Sheria inasikiliza unavyojiita

Kuna atakayesema: haya ni maneno tu, mtu hali maneno. Mimi si wakili, na anayehitaji wakili amtafute wakili. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kuwa mlango utakaougonga unategemea jina utakalojipa.

Mlango wa kwanza ni wa miaka 12. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inasema mwenye ardhi ya kibinafsi akimwachia mtu akae humo kwa miaka 12 mfululizo, kwa uwazi, bila ruhusa yake na bila kumchukulia hatua, anaweza kupoteza haki yake, na aliyekaa akaomba mahakama imsajili kuwa mwenyewe. Lakini zingatia masharti. Kama ulikaa kwa ruhusa au kwa ijara, hesabu ya miaka haikufai. Kama ardhi ni ya serikali, mlango huu haupo. Na anayepita hapa lazima akubali kwamba mwenye hati alikuwa mwenye ardhi. Huwezi kusema kwa mdomo mmoja "ardhi hii ni ya babu yangu tangu zamani" na "nimeikalia ardhi ya huyu bwana miaka 12". Ukichanganya, unaweza kukosa yote mawili.

Mlango wa pili ni wa ardhi ya jamii, uliofunguliwa na Katiba ya 2010 na sheria ya ardhi ya jamii ya 2016. Huu ni wa watu wanaosema: hii ni yetu kwa pamoja, kwa asili na mila. Aliyejiandikisha kila mahali kuwa skwota atapata kazi kueleza hapa.

Mlango wa tatu ni wa dhulma za kihistoria, ulio chini ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria inazungumzia dhulma zilizotokea baina ya tarehe 15 Juni 1895 na tarehe 27 Agosti 2010. Mnaona mwaka wa kwanza ni upi: ni ule ule wa himaya. Ila sheria iliweka muda wa miaka 5 wa kupeleka madai, kuanzia mabadiliko ya 2016. Nendeni ofisi ya tume mkaulize hali ilivyo leo, msitegemee maneno ya maskani.

Mfano wa karibu ni shamba la Waitiki, Likoni, pale ng'ambo ya mpaka wetu. Kwa miaka mingi wakazi wake waliitwa maskwota. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwagawia hati, na watu wakashangilia, nami nilishangilia nao. Kisha ikadhihirika kuwa walitakiwa kuilipia ardhi ile. Anayeitwa skwota hata akishinda, hushinda kama mnunuzi. Anayetambuliwa kuwa mwenyeji hurudishiwa.

Ukikuta karatasi kwenye mwembe

Kwa faida ya aliye na karatasi kama ya mjomba, haya machache yamo katika sheria ya ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016. Mwenye ardhi ya kibinafsi anayetaka kuwaondoa watu lazima awape notisi ya maandishi ya angalau miezi 3. Ikiwa watu ni wengi, notisi itangazwe pia katika magazeti mawili ya kila siku yanayosomwa nchi nzima, na ibandikwe mahali pasipopungua 5. Lazima ieleze utaratibu wa kuondoa majengo na kuvuna mazao yaliyo shambani, na nakala zimfikie naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Mahakama inayohusika ni ya Mazingira na Ardhi, ipo Kwale. Kadhi atakusaidia kwenye mirathi, kugawana baina yenu warithi, lakini mgogoro na mwenye hati si wake.

Na kuna jambo lililonifanya nitabasamu peke yangu. Sheria hiyohiyo inataka notisi iwe katika lugha ya taifa na iliyo rasmi. Katiba, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyo vyote viwili ni moja tu, nayo haikuwamo katika karatasi ya kwenye mwembe.

Kabla ya yote hayo, nendeni ofisi ya ardhi ya Kwale mkafanye sachi kwa nambari ya kiwanja, mjue hati ina jina la nani, ilitolewa lini, na ni ya kudumu au ya kukodi. Pigeni picha makaburi, visima na miti. Wazee wangali hai, waandikeni maneno yao na kuwapeleka wakaape. Risiti za ijara zisitupwe.

Na mnapoandika jina lenu juu ya barua, fikirini.

Jumapili iliyopita nilikwenda kijijini. Tulikaa chini ya mwembe uleule, wazee saba na vijana wawili wanaojua kuandika, tukatunga jibu la kumpelekea wakili tutakayempata. Kijana mmoja alikwisha kuanza kwa maneno "Sisi maskwota wa". Mjomba akamwekea mkono juu ya karatasi. Akasema, "Futa hapo. Andika wenyeji."

Kijana akauliza kama neno hilo mahakama italikubali. Mjomba akanitazama mimi. Nikamwambia sijui mahakama itaamua nini. Hilo ni la Mwenyezi Mungu na jaji. Ninachojua ni kuwa jina tuliloitwa kwenye ile karatasi hakulichagua hata mmoja wetu, na hakuna sheria inayotulazimisha tujiite hivyo sisi wenyewe.

Kijana akafuta, akaandika upya. Barua iko tayari. Tunasubiri tarehe.